Mwanachuo kuendesha semi huku anasoma: tumwache au tumzuie?

Mtoto wa Uyole: Wakuu, naomba mawazo. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili hapa Mbeya, anasoma uhandisi wa mitambo. Mkopo wa bodi amepata asilimia ndogo na baba ameshastaafu. Leseni daraja E anayo, mkono aliupatia kwenye Fuso ya mjomba akibeba viazi kutoka Isyonje. Sasa kila Ijumaa jioni anapiga deiwaka, yaani anamshikia dereva mwingine gari, anapeleka semi, lile lori la tela, Tunduma, Jumatatu arudi darasani. Mama analia kila wiki. Tumwache au tumzuie?

Kalamu Kwanza: Mzuieni leo hii. Mbeya hadi Tunduma ni kilomita mia na kidogo tu, lakini foleni ya mpakani haijali kilomita. Unaingia Ijumaa, Jumatano bado uko pale pale, na gari la watu huwezi kulitelekeza. Halafu tuseme ukweli, malori ni kimbilio la waliofeli form four. Aliyefika chuo kikuu anarudi huko kutafuta nini?

Baba wa Ipogolo: Kamwene. Hapo kwenye "waliofeli" umenichoma. Nina miaka 19 barabarani, Dar hadi Lubumbashi. Sikufeli mimi, ada ndiyo ilikosekana. Usukani huu umesomesha watoto watatu, mkubwa ni mwalimu wa fizikia. Wewe umeshashuka mlima Kitonga na tani thelathini mgongoni, ukungu umefunga, breki zimeanza kunuka? Njoo tushuke wote halafu unieleze nani kafeli.

Kalamu Kwanza: Shikamoo mzee wangu, sikukulenga wewe. Ila kwa kuwa umeitaja Kitonga, wangapi wanaishuka wameweka nyutro, gia imetolewa, ili wabane dizeli, wakaiuze kwa madumu huko chini? Na nyuma yao kuna mabasi yamejaa watoto wetu wa shule.

Baba wa Ipogolo: Marahaba. Ulianza na kufeli, sasa umefika kwenye wizi. Kesho utasema sisi ndio tunaoleta masika.

Mwanambeya Halisi: Mzee, usikasirike, jibu hoja. Dizeli inauzwa au haiuzwi?

Mke wa Dereva, Makambako: Inauzwa, na mimi nitakwambia kwa nini. Tajiri mwenye gari anatoa posho ya siku nne. Foleni inakula siku tisa. Hizo tano mtu ale nini, mawe? Mume wangu amewahi kunipigia kutoka mpakani nimtumie elfu ishirini, yeye ndiye yuko kazini, mimi nauza maharage. Watu walewale wanaolaani madumu hawajawahi kuuliza mkataba wa dereva unasemaje. Wengi hawana hata mkataba wenyewe.

Mwanambeya Halisi: Si madereva waligoma ule mwaka 2014? Serikali ikawasikiliza.

Mke wa Dereva, Makambako: Aprili 2015, kaka. Na mnachokumbuka nyote ni ile habari ya kurudishwa darasani kila leseni ikiisha. Suala la mikataba lilikuwemo vilevile, ila halikuwagusa abiria, basi likasahaulika.

Niliyepita Huko: Samahani, narudi kwa huyo mwanachuo. Mimi nimefanya hivyo mwaka mzima, mbao kutoka Mafinga. Sapu mbili, mitihani ya kurudia, nilizibeba, hilo halinisumbui. Kilichonitoa ni Jumapili moja usiku kati ya Vwawa na Mbalizi. Nilifumba macho, sijui kwa muda gani, nikazinduliwa na tairi za kushoto zikikwaruza kokoto nje ya lami. Jumatatu nilikuwa na jaribio na ndilo nililokuwa naliwaza, badala ya barabara. Nikaacha, nikahamia Chuo Kikuu Huria, kipo tangu 1992 na kina kituo hapahapa Mbeya. Ukisafiri, vitabu havikukimbii. Mtoto wa Uyole, mwulize mdogo wako analala saa ngapi. Msianze na ada, anzeni hapo.

Kalamu Kwanza: Si ndicho nilichosema mimi? Mzuieni.

Baba wa Ipogolo: Hukusema hivyo. Ulisema tumefeli, na maneno yako yako hapo juu. Huyu kijana amesema usingizi, na kwa usingizi namuunga mkono kwa mikono miwili. Nimezika wenzangu wawili kwa sababu hiyo. Wewe nakudai neno moja tu, la kuomba radhi.

Kalamu Kwanza: Shikamoo nimekupa, mzee.

Baba wa Ipogolo: Shikamoo si radhi.

Mtoto wa Uyole: Jamani, mimi nimebaki kwenye ile posho ya dada wa Makambako. Mdogo wangu wiki iliyopita amekaa Tunduma siku sita, akalipwa za mbili. Hizo nne anamdai nani?

Mke wa Dereva, Makambako: Hamdai mtu, mdogo wangu. Deiwaka anamalizana na dereva aliyemwachia gari. Mwulize kama tajiri analijua hata jina lake.