D-Jetronic kwenye Volvo 1800E: ikipata moto inatoa moshi mweusi na kuzima

Vyuma71
Wakuu habari zenu. Nina Volvo 1800E ya 1971, injini B20E, bado ina injekta zake za umeme za D-Jetronic. Asubuhi inawaka mara moja na inatulia kabisa, ila ikishapata moto ndo vituko vinaanza, moshi mweusi, harufu ya petroli mpaka ndani, haikai sailensa (ule mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), nikisimama kidogo inazima. Plagi nikifungua ni masizi matupu. Nimebadilisha plagi, filta ya hewa na pointi, wapi. Fundi anasema kompyuta inayoendesha injekta imekufa eti tung'oe yote tufunge kabureta. Nimkubalie?

Babu Spana
Usimkubalie. Hizo kompyuta ni transista za kizamani, zinasingiziwa sana kuliko zinavyokufa, na kwa vile haina pa kuchomeka mashine ya kusoma makosa kila fundi akikwama anaisukumia lawama. Anza na sensa ya joto la maji. Ikiwa baridi, kama nyuzi 20, inatakiwa isome karibu omu 2,500, injini ikichemka mpaka 80 ishuke kwenye 300 hivi. Sasa waya wake ukikatika kompyuta inaona upinzani usio na mwisho, inadhani injini bado ni ya baridi kabisa, inamwaga mafuta tu. Ila usipimie kwenye sensa, chomoa ile plagi kubwa ya kompyuta upimie hukohuko, utakuwa umepima sensa na waya wote kwa pamoja.

Rashid_K
Mimi naona hewa inavuja kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, hiyo ndo inaharibu sailensa

Babu Spana
@Rashid_K hiyo ni L-Jetronic mkuu, mfumo mwingine, ule wenye kibao kinachosukumwa na hewa. D-Jetronic inasoma presha ya manifoldi, hewa ikivuja inaongeza mafuta na sailensa inapanda, haizimi.

Mama Gereji
Akipima sensa ikawa nzima aangalie na sensa ya presha yenyewe, avute vakyumu kwa pampu ya mkono aone inashika au inashuka. Ngozi ya ndani ikipasuka inamwaga mafuta vilevile, ila hiyo ingesumbua hata asubuhi ndo maana siiweki ya kwanza. Na tafadhali asiguse skrubu yake, ilipimwa kiwandani, nimepokea gari kibao zilizoharibiwa na bisibisi kuliko na uzee. Halafu mipira ya petroli je? Presha pale ni bar 2 na kidogo, mpira uliokauka juu ya ekzosi ya moto sitaki hata kufikiria.

Vyuma71
Mrejesho. Kwenye sensa nilipata 310 injini ikiwa moto nikajua tumeula wa chuya, kwenda kupima upande wa kompyuta mita haisomi kitu, nikitikisa waya inarudi. Soketi ya sensa, ganda la waya limekauka kama biskuti, nyuzi zimebaki mbili tatu, injini ikitetemeka na joto zinaachana. Nimekata nikaweka soketi mpya, leo nimeendesha saa nzima, moshi hakuna. Mipira nimeikunja kidogo tu ikaonyesha nyufa Mama Gereji, gari haitoki mpaka nibadilishe yote. Fundi nimemwambia kabureta abaki nayo 😂