Naomba ushauri: mistari ya sebuleni isimame au ilale?

Habari zenu wakuu. Nipo Ujiji, Kigoma, namalizia sebule ya mama. Ni mita 3 kwa 4, na siling bodi iko chini. Dirisha ni moja, linatazama magharibi, jioni jua la ziwani linapiga ukuta wa mbele wote. Huo ndio nataka kuupaka mistari, krimu na bluu iliyopauka.

Fundi anasema mistari isimame, chumba kitaonekana kimekwenda juu. Ndivyo nilivyosikia siku zote. Sasa nimesoma kwamba Hermann von Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, mwaka 1867 alieleza kinyume: mraba uliojazwa mistari ya kulala huonekana mrefu, na wenye ya kusimama huonekana mpana. Nimechanganyikiwa kweli, ingawa mraba wa karatasini si ukuta wenye kabati na televisheni.

Aliyewahi kupaka, kwako ilionekanaje? Upana wa mstari uwe sentimita 10 au 20? Macho ya mama yameanza kuchoka, sitaki mistari myembamba imsumbue. Makochi ni ya maua, nimeshanunua. Na tepu ya karatasi niibandue rangi ikiwa mbichi au ikishakauka? Rangi ni ya maji, fundi anaanza Jumamosi.