Ijumaa wamefunga akaunti, Jumamosi wageni wameshuka Kigoma. Hela yangu mnaishikia nini?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni dada wa Ujiji, hapa Kigoma, kazi yangu kutembeza wageni mwisho wa wiki. Sina ofisi. Nina simu, nina nahodha wa boti Kibirizi, nina dereva wa Noah pale Mwanga. Mgeni akitaka kuja ananitumia nusu ya hela mapema kupitia akaunti ya malipo ya mtandaoni ya kampuni moja ya nje, nusu nyingine analipa safari ikiisha. Jina la kampuni siliweki hapa kwa sababu shauri langu bado liko mezani kwao.

Ijumaa saa tisa alasiri nafungua akaunti nitoe hela ya maandalizi, nakuta maandishi mekundu: akaunti imezuiwa kwa uhakiki. Ndani mna dola 640 za wageni wanne. Makato yao walishakata siku ileile hela ilipoingia. Hapo hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Basi nikaanza kuhakikiwa. Nikatuma kitambulisho cha NIDA. Jibu: majina hayalingani na ya kwenye akaunti. Kitambulisho kina majina matatu kama cha Mtanzania yeyote, fomu yao ina nafasi ya majina mawili. Fomu waliitengeneza wao, kosa likawa langu. Wakataka bili ya umeme yenye jina langu na anwani. Umeme wetu ni LUKU jamani! Unanunua tokeni, unabonyeza tarakimu kwenye mita, taa inawaka. Hakuna bili inayoletwa mlangoni. Ya maji ipo, ila ina jina la marehemu baba.

Nikakimbia serikali ya mtaa. Mtendaji, Mungu ambariki, alikuwa anafunga mlango akarudi kukaa. Akaniandikia barua ya utambulisho, akabandika picha, akagonga muhuri mpaka juu ya picha. Nikaipiga picha nikatuma. Baada ya dakika nne jibu likaja: hati haikubaliki, lugha yake haitambuliki. Kiswahili hakitambuliki! Lugha ambayo UNESCO imeitengea siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Wanapokea hela kutoka Tanzania, wanakata makato Tanzania, halafu barua ya Tanzania hawana mtu wa kuisoma.

Na hapo nimesema "jibu" kwa heshima tu. Anayejibu ni mashine. Nimeandika mara kumi na moja, mara zote inanishukuru kwa uvumilivu wangu. Namba ya simu hawana. Kuna mtu aliniambia huenda ni jina langu: mifumo hii inalinganisha majina na orodha za watu waliowekewa vikwazo, likifanana tu hela inasimama. Kama ndivyo, basi nusu ya Ujiji tumekwisha, maana jina langu mtaani kwetu ukiliita wanageuka watu sita.

Sasa mniambie, wageni wanatua Jumamosi asubuhi, mfukoni nina elfu arobaini na tano. Ratiba ilikuwa Gombe, hifadhi ya sokwe, Jumamosi. Gombe hakuna barabara, unakwenda kwa maji, kama kilomita 16 kaskazini, na boti haiendeshwi kwa maneno. Kiingilio cha hifadhi nacho hupeleki noti mlangoni, unapewa namba ya malipo unalipia benki au kwa simu. Nikawaambia wageni tunaanza na mji, Gombe kesho. Sikuwadanganya kwamba ziwa limechafuka, nilisema nina tatizo la malipo nalishughulikia. Kuwaomba walipe tena nilishindwa. Nitamwambiaje mtu hela uliyotuma imefika lakini siwezi kuigusa?

Nitawaambia nilichofanya, kwa sababu wapo wenzangu watakwama hivihivi, na pia mji wetu watu wanauruka wanakimbilia sokwe tu.

Tulianza stesheni. Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914, jengo la Wajerumani bado limesimama pale chini barabara kuu inapoishia. Nikawaonyesha bandarini nikawapa habari ya Liemba: meli iliundwa Papenburg 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa masanduku hadi Dar, ikapanda treni, ikaungwa tena hapa. Iliingia majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha Waingereza wasiipate, Waingereza wakaiibua 1924. Mgeni mmoja aliandika kila mwaka kwenye daftari. Kukaa pale hakukunigharimu kitu.

Kutoka hapo daladala hadi Ujiji. Noah sikuiita, sikuwa na hela yake. Kwenye makumbusho ya Livingstone msiende saa sita, nendeni asubuhi au jioni, kaeni chini ya miembe mumsikilize mtunzaji bila haraka. Watu wanapiga picha ya mnara uliowekwa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 wanaondoka. Teremkeni mpaka ufukweni kwa mafundi wa mitumbwi, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, muone mbao zinavyopindwa na nyufa zinavyozibwa. Mimi nimezaliwa karibu na pale na bado nikipita nasimama. Chakula tulikula kwa mama lishe: migebuka, ugali wa muhogo, mboga ya mawese. Jioni Katonga, dagaa wameanikwa, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi wanatia mafuta kwenye boti watoke na taa zao. Wageni walinyamaza wote wanne. Mimi nilikuwa nafungua simu kila dakika mbili.

Usiku nikaenda kwa nahodha wangu, mtu mzima, nikamweleza yote. Akaniambia, "Mwanangu, mafuta nitaweka mimi. Lakini na mimi nina watoto." Kiingilio nikakopa kikoba cha mama, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana, riba asilimia 10 kwa mwezi. Jumapili tukaenda. Tulimwona sokwe anachomeka kijiti kwenye kichuguu anavua mchwa, jambo lilelile mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliloliona hapo mwaka 1960. Mgeni alilia kwa furaha. Nililia na mimi, kwa sababu zangu.

Jioni wakanilipa nusu iliyobaki kwa noti. Imekwenda malazi, chakula, dereva aliyewapeleka uwanja wa ndege, na sehemu ya deni la kikoba. Nahodha hajapata hata mia.

Jumatatu mashine ikaandika tena: hela inaweza kushikiliwa hadi siku 180. Tuko Juni. Hesabu inaangukia Desemba, msimu wa kiangazi umekwisha, mvua inanyesha, na wageni wa Julai wanauliza watume wapi advansi. Nimewapa namba yangu ya simu, wawili wamesema nchini kwao hawawezi kutuma huko. Mmoja ameahirisha.

Ninachotaka hapa si pole. Nataka aliyewahi kuzuiwa akaunti namna hii akiwa Tanzania, kisha wakamfungulia, aniambie alituma hati gani, barua ya mtaa alimpa nani aitafsiri ikakubaliwa, na kama kuna mahali mtu anaandika akasomwa na binadamu. Anayejua njia nyingine ya kupokea hela kutoka nje ambayo mgeni wa kawaida anaiweza, aiweke hapa pia. Kikoba kinakutana Alhamisi, na nahodha leo asubuhi nimempita Kibirizi nikashindwa kumwangalia usoni.