Gundi, wakuu! Yule jamaa wa "haijaguswa" kanipiga na mimi

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule jamaa mnamjua, simtaji. Yule ambaye kila katriji (kile kichwa chenye sindano ya kuchezea santuri) anayouza ilikuwa ya babu yake na haijaguswa. Babu gani huyo mwenye katriji elfu na hakugusa hata moja?

Nimenunua kwake katriji ya Shure V15 Type III, niliyoisaka miaka mitatu. Tangu Shure waache kutengeneza katriji 2018, sindano zao halisi zinagombaniwa kama mpira wa kona. Nafungua boksi, naweka lenzi: kijiti kinachobeba sindano kilivunjika, kikaungwa kwa GUNDI. Tone kama kichuguu! Sindano ya kukanyaga santuri kwa gramu 1 tu, imebebeshwa zege.

Nikamwandikia kwa adabu. Akajibu: "Kwani wewe unasikiliza au unaangalia?"

Unasikiliza au unaangalia! Haya, nikasikiliza. Kila "s" ya mwimbaji inatoka kama bati linakwanguliwa. Upande wa kushoto kimya. Nikapima koili ya ndani ya katriji kwa mita: waya umekatika. Maana yake hata nikipata sindano mpya, mwili wenyewe ni maiti. Halafu ananiuliza nasikiliza au naangalia!

KoiliMoja: Pole mkuu, ila picha ya tangazo ilipigwa gizani. Ulinunua kivuli.

Mtoa mada: Ilipigwa ubavuni! Na lile jibu lake mmelisoma? Unasikiliza au unaangalia?

SanturiKuukuu: Umelirudia mpaka tumelikariri. Afadhali wewe una gundi. Yule muuzaji mwingine, wa kutuma kwa bahasha, alinitumia katriji ya Denon DL-103 bila kifuniko. Imefika haina kijiti kabisa, na ile sindano haichomoki ukaweka nyingine.

Mkwaruzo: DL-103 inataka kukanyaga kwa gramu 2.5, na mkono mzito wa gramafoni wa kuibeba. Uliifunga kwenye mkono gani?

SanturiKuukuu: Niifunge vipi na haina kijiti? Soma kwanza!

Vumbi: Hayo ya mkono mzito mnatishana tu. Yangu iko kwenye mkono wa kawaida, inaimba.

Mkwaruzo: Inaimba au inalia?

KoiliMoja: Tukiwa hapo hapo, nani ana mizani ya sindano? Yangu inasoma gramu 2 ikiwa tupu.

Mtoa mada: Jamani, gundi yangu?

Vumbi: Tafuta ile mizani ya Shure ya bembea. Haina betri, haina cha kuharibika.

KoiliMoja: Anayo nani?

Vumbi: Yule jamaa. Anasema haijaguswa.