MREJESHO: Vyumba vyenye karatasi ya ukutani ya rangi ya beji

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza nifanyeje ili sebule na chumba cha kulala vyenye karatasi ya ukutani ya beji (kahawia hafifu sana) visionekane vimepauka, bila kuibandua. Asanteni sana nyote mliojibu.

Aliyesema nianze kwa kujua beji yangu imeelemea wapi, kwenye njano, waridi au kijivu, Mungu ambariki. Nilishikiza karatasi nyeupe tupu ukutani wakati wa mchana, na uwaridi ukajitokeza wazi. Kumbe ndiyo maana mapazia ya njano yalikuwa yanagombana na ukuta! Sasa nimeweka ya kijani iliyokolea, fremu za mbao nyeusi na zulia la katani, maana mlisisitiza kwamba rangi tulivu inahitaji vitu vyenye mkwaruzo ukivigusa. Ila kilichobadilisha sebule kuliko vyote ni balbu. Nilitoa zile za mwanga mweupe wa kibuluu, nikaweka za 2700K, yaani za mwanga wa kimanjano. Ukuta umepata uhai.

Chumbani mambo yamekwenda nusu. Mapazia na taa vimependeza, lakini upande unaopakana na bafu maungio ya karatasi yanabanduka. Niligandisha upya kwa gundi kama nilivyoshauriwa, yakashika kwa muda tu, kisha yakaachia tena. Fundi amepima, ukuta una unyevu. Kwa hiyo upande huo nitaubandua, bomba linalovuja litengenezwe, ukauke kabisa, ndipo nibandike upya. Mwenye tatizo kama hili aanzie kwenye unyevu, gundi ije baadaye.