Tupeane uzoefu: utalii umebadilisha nini mtaani kwenu hapa Mombasa?

Mwana wa Kibokoni

Assalam aleikum jamaa. Utalii tukiuzungumza hapa Pwani, hesabu huwa ni ya vitanda vilivyojaa na ndege zilizotua uwanja wa Moi. Sipingi, nusu ya ukoo wangu imesomeshwa na mishahara ya hoteli. Ila nataka tusikie ya nyumbani: desturi, watoto, majirani, bahari. Lete ulichokiona wewe.

Naanza. Kwetu ni Mji wa Kale, nyuma ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus). Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na Unesco ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Wageni wakishamaliza kutazama kuta na mizinga huletwa vichochoroni mwetu, na huku ndiko kwenye tabu. Ngomeni hakuna mtu aliyejitanda leso akikaanga samaki. Huku tupo. Kina mama waliozoea kukaa mlangoni baada ya alasiri kupunga upepo sasa hungoja msafara upite, maana simu huinuliwa kabla ya salamu. Mgeni aja na kaptura mpaka mlango wa msikiti, na anayemwongoza ni kijana wetu wa hapa hapa. Ajua vyema kuwa haifai, lakini akimkataza aogopa kukosa bakshishi.

Upande wa pili: dadangu hupaka wageni hina, nyumbani, ukumbini. Wanawake tu, viatu mlangoni, bei ni moja, picha ya mkono ruhusa, ya sura hapana. Sijasikia amekosana na yeyote. Wale wale waliotukera nje, wakivuka kizingiti chake huwa na adabu kama wakwe. Mimi naona tofauti ni kwamba kule kuna mwenye nyumba aliyesema masharti mapema, na njiani hakuna.

Kepteni Bamburi

Mimi ni mtu wa bichi. Watu wakisikia hivyo hufikiria bangi na wanawake wa kizungu tu. Nina mashua ya kioo chini, ya kutazamia samaki, na Kijerumani nilikiokota mchangani bila mwalimu.

Baba alikuwa mvuvi. Bahari ya hapa mbele ilipofanywa hifadhi mwaka 1986, ndani ya hifadhi yenyewe uvuvi ukapigwa marufuku, akabaki kuvua pembeni. Leo mimi nawaonyesha watu samaki ambao yeye angewatega kwa dema. Nani alidhulumiwa hapo? Sijui niseme nini. Matumbawe tungeyamaliza, na karo yangu ililipwa na hao hao watazamaji samaki. Lakini mzee alikufa akiamini bahari yake ilichukuliwa, na hakuna aliyekuja kukaa naye kumweleza.

Kinachonikera zaidi ni bangili. Mgeni avishwa bangili hotelini: chakula, kinywaji, ngoma ya jioni, vyote ameshavilipia kwao kabla ya kupanda ndege. Akitoka nje hana haja na dafu la mtu. Halafu askari wa hoteli afunga kamba mchangani, wao huku sisi kule. Katiba ya 2010 yasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mwambie hilo askari. Naye ni jirani yangu Kisauni, ana watoto watatu, kamba ataifunga tu.

Na ukimtegemea mgeni, jambo lolote lake lakuwa njaa kwako. Agosti 1997 fujo za Likoni, Novemba 2002 bomu la hoteli ya Kikambala, 2020 korona. Mwaka wa korona niliuza mbaazi na mahamri Mshomoroni, na mashua ikapasuka mbao juani.

Mwalimu wa Shanzu

Kepteni, umeliruka kubwa. Nimefundisha miaka mingi kati ya Shanzu na Mtwapa. Msichana aacha kuja shule, baada ya muda wamwona yuwapita na simu mpya, na kwao hakuna anayeuliza imetoka wapi kwa sababu kodi ya nyumba imelipwa. Wavulana pia wamo, tena hao ndio hawasemi kabisa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 ina kifungu chake kuhusu utalii wa namna hii unaowahusu watoto, na yamshika hata anayepanga safari, si anayetenda peke yake. Ila kesi yataka shahidi. Shahidi ni mama mtu, na mama mtu ndiye aliyelipiwa kodi.

Tumewahi kumwita mzazi shuleni akatuambia, "Mwalimu, wewe mtoto wangu utamlisha?" Sikuwa na jibu, na mkuu wangu hakuwa nalo.

Watu wazima na mapenzi yao sitii mguu. Shemeji yangu ameolewa Ujerumani na yuko raha mstarehe. Nasema watoto.

Fundi wa Changamwe

Kwa ufupi, niko kazini. Sisi Wakamba uchongaji wa kuuza tulianzishiwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyeuona kule Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Chama chetu cha ushirika hapa Changamwe ni cha 1963. Kwa hiyo hakuna "utamaduni wa kale" ulioharibiwa na mtalii hapa, kazi yenyewe ilikua kwa ajili yake. Kilichoumia ni miti. Mpingo na muhugu vimekuwa adimu, sasa twachonga mwarobaini na mwembe. Na mikono yachoka na twiga! Nikichonga bibi asukaye ukili, atakaa rafuni mpaka aote vumbi.

Mcheza Ngoma, Utange

Nimecheza mahotelini kuanzia usichana. Ngoma zetu za Kigiriama nyumbani zakesha. Hotelini tulipewa nafasi kati ya supu na matunda, basi tukakata hapa, tukaharakisha pale, na mwisho twawavuta wageni wainuke watikise viuno wacheke. Mara ya kwanza nyanya yangu kutuona alituuliza mbona twakimbizwa.

Hata hivyo niwaambie ukweli, lau si hoteli, wapiga ngoma wengi wa rika langu wasingejua kushika ngoma. Makanisa na shule zilikuwa zishatuambia ni ushenzi. Pesa ya mgeni ndiyo iliyotufanya tuwaendee wazee watufundishe. Na wazee walifundisha kwa kuchagua: Kifudu, yenye mambo ya msiba na tambiko, walikataa isikanyage hotelini, na haikukanyaga.

Ule mwaka wa bomu la Kikambala, miongoni mwa waliokufa walikuwa wachezaji waliosimama kuwakaribisha wageni. Watu wa kazi yetu. Mamangu alinificha sketi ya hando ili nisiende tena. Nilienda, tulikuwa hatuna kingine.

Tuktuk Mwembe Tayari

Nyote mwasema wazungu. Tangu treni ya SGR ya kutoka Nairobi ianze 2017, mtalii wangu mkubwa ni wa bara. Desemba yote naishi kwa hao. Wanakula viazi karai barabarani, wanapanda tuktuk, pesa yao yafika kwangu siku hiyo hiyo. Bangili hawana.

Mwalimu wa Shanzu

Ndugu yangu, na kodi za nyumba? Mwenye nyumba wetu aliwatoa wapangaji wawili ili apangishe wageni kwa siku. Na kelele za muziki Mtwapa mpaka alfajiri, watoto wamelala wapi?

Tuktuk Mwembe Tayari

Hayo ya Mtwapa yalikuwapo kabla ya treni, mwalimu. Ya kodi nakubali.

Mjukuu wa Kinondo

Niko ng'ambo ya feri, Diani, lakini nitie neno kwa aliyeanzisha. Kaya Kinondo ni msitu wetu mtakatifu wa Wadigo, mmoja wa misitu ya kaya, yaani makao ya kale ya Wamijikenda, iliyoingia Unesco 2008. Wageni huingia kwa kiingilio na mwongozaji ni wa hapa. Sharti la kwanza ni kaniki: kila mtu hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, awe ni nani. Ndani hakuna kubusiana, na kuna sehemu hata ukilipa milioni hufiki. Kwa hivyo ile habari ya hina ya dadako naielewa sana.

Mwana wa Kibokoni

Na wakikataa kaniki? Maana vichochoro vyetu havina lango, lakini nafikiria kuwakalisha waongoza watalii na wazee wa mtaa tukubaliane hata mambo mawili matatu.

Mjukuu wa Kinondo

Nimemwona mmoja tu aliyekataa. Hakuna aliyegombana naye. Alibaki nje pamoja na dereva, wenzake wakaingia. Waanzeni hao waongozaji, ndugu yangu, mgeni hufuata anachoambiwa na aliyemleta.