Nondo wasio na baka jeupe kwenye mtego wa kiwavijeshi vamizi: ni majike au ni wadudu wengine?

BwanaShamba_Kilosa
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimetundika mtego wa harufu wa kiwavijeshi vamizi, yaani Spodoptera frugiperda, pembezoni mwa shamba la mahindi, na kila asubuhi huwamwaga nondo kwenye karatasi nyeupe ili niwahesabu. (Nondo ninaowasema ni wale wa kwenye taa, si wa zege.) Baadhi yao wana baka jeupe la pembetatu kwenye ncha ya bawa la mbele. Wengine, ambao siku nyingine ndio wengi, wana mbawa za rangi ya majani makavu zisizo na baka lolote. Kwa kuwa nimesoma kwamba jike wa kiwavijeshi vamizi hana baka hilo, nimekuwa nikiwahesabu wote pamoja na kuwaandika hawa wa pili kuwa ni majike. Je, niko sahihi?

Mpenzi wa Wadudu
Bwana Shamba, ulichosoma kuhusu jike ni kweli, ila hapa hakikusaidii. Kidonge kilichomo mtegoni kinaiga harufu ambayo jike huitoa usiku ili kumwita dume, kwa hiyo wanaoifuata ni madume, na jike akionekana humo ameingia kwa bahati tu. Basi nondo wako wasio na baka ama ni madume waliochakaa, ama ni wadudu wengine kabisa. Mimi namshuku Leucania loreyi, ambaye kiwavi wake naye hula mahindi na nyasi, na ambaye amekwisha kunaswa katika mitego kama wako katika nchi kadhaa za Afrika tangu kiwavijeshi vamizi alipogunduliwa barani mwaka 2016. Bawa lake la mbele ni la rangi ya makapi, lenye mistari myembamba inayofuata mishipa. Usihangaike na mbawa za nyuma, kwani wote wawili wanazo nyeupe.

BwanaShamba_Kilosa
Nashukuru sana. Tatizo ni kwamba wakishanaswa hupapatika usiku kucha hadi magamba yanapukutika, na asubuhi nakuta wengi wana vipara. Hapo baka halipo na mistari haipo.

Mchambuzi
Basi waangalie macho. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, mweke nondo akiwa mkavu, kisha mwanga umpate kutoka ubavuni. Jicho la Leucania lina vinyweleo vifupi vilivyosimama juu yake. La Spodoptera ni laini kabisa. Alama hii hubaki hata mbawa zikiwa zimechakaa, na kwa maoni yangu ingefaa ifundishwe kabla ya rangi. Hata hivyo, ijue mipaka yake: haitamtenga kiwavijeshi vamizi na ndugu zake wa karibu, Spodoptera exempta na Spodoptera littoralis, kwa kuwa wote macho yao ni laini. Huko ndiko tunakolazimika kukata ncha ya tumbo, kuipasha moto katika maji ya potasi kali (hidroksidi ya potasiamu) ya asilimia 10 hadi nyama ilainike, na kutazama viungo vya uzazi kwa darubini. Vibanio vya dume wa kiwavijeshi vamizi, yaani viungo vya kumshikia jike, ni vipana, karibu vya mraba.

Mama Mahindi
Samahani wataalamu, kwa nini msitazame viwavi? Huyu mvamizi ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia, na hujificha kwenye moyo wa mhindi akiacha kinyesi kama unga wa mbao. Yule wetu wa zamani, exempta, anapokuwa katika makundi huwa mweusi mgongoni kama mahameli na hutembea kama jeshi, akila nyasi na mahindi bila kuchagua.

Mchambuzi
Mama, uko sahihi, na shambani mimi pia huanza na viwavi. Nakuongezea tu kwamba ile alama nyeupe ya Y iliyopinduliwa, iliyo kichwani mwa kiwavi wa mvamizi, isitumiwe peke yake, kwa sababu exempta naye anaweza kuwa na alama inayofanana nayo. Mtego, hata hivyo, hutuarifu kwamba nondo wamefika kabla viwavi hawajaonekana.

BwanaShamba_Kilosa
Leo nimewatazama macho, na wengi wa wasio na baka wana vinyweleo. Kuanzia kesho daftari litakuwa na safu mbili. Hesabu za wiki zilizopita sitazirekebisha kwa kukisia, kwa kuwa nondo wenyewe nilikwisha kuwatupa. Nimeandika pembeni kwamba zimechanganyika.